Wafiwa Kwanza: Tafakari Baada ya Uchaguzi Mkuu wa 2025

Mada iliyotolewa Ihumwa, Dodoma, mbele ya wajumbe wa kamati za parokia za Maendeleo na za Haki na Amani. Tunaichapisha kwa ajili ya kamati ambazo hazikuweza kufika, na kwa marafiki wanaotegemeza kazi zetu.



 Najua wengi wenu mmeacha kazi za shamba, na wengine mmetembea kwa miguu tangu alfajiri. Kwa hiyo sitawapotezea muda.

Nimeombwa nizungumzie wajibu wa kamati ya parokia baada ya uchaguzi wa Rais. Sikuja kusema nani alistahili kushinda. Ndani ya ukumbi huu wamo waliopiga kura, wamo walioamua kubaki nyumbani, wamo wenye kadi ya chama hiki na wenye kadi ya chama kile. Wote ni wajumbe halali wa kamati zetu. Nimekuja na jambo moja tu, nalo linahusu utaratibu. Baada ya uchaguzi ulioingia damu, tumezoea kuanza na wito wa amani, tukaja kwenye maendeleo, na wafiwa tukawakumbuka mwishoni kama muda utaruhusu. Mimi nasema tuanze na wafiwa. Tusipoanza hapo, amani tunayoihubiri haitadumu, na maendeleo tunayoyapanga yatajengwa juu ya manung'uniko.

1. Yaliyotokea

Tarehe 29 Oktoba 2025 nchi yetu ilifanya Uchaguzi Mkuu. Vyama viwili vya upinzani havikuwa na mgombea wa urais kwenye karatasi ya kura. CHADEMA haikushiriki, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shitaka la uhaini tangu Aprili mwaka ule. Mgombea wa ACT-Wazalendo aliondolewa. Siku ile ile ya kura kulitokea maandamano na ghasia Dar es Salaam na katika miji mingine. Vituo vya mafuta, vituo vya mabasi ya mwendokasi na ofisi za umma zilichomwa. Vyombo vya dola vilitumia risasi. Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa.

Tarehe 1 Novemba Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilimtangaza Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97 ya kura. Tarehe 3 Novemba aliapishwa hapa Dodoma. Waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC, ambao kwa kawaida huchagua maneno kwa upole, safari hii walisema uchaguzi haukufikia viwango ambavyo nchi zetu zenyewe zilikubaliana.

Watu walikufa. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilizungumzia taarifa za mamia ya vifo. Tarehe 14 Novemba, alipolifungua Bunge hapa Dodoma, Rais mwenyewe alitoa pole kwa familia zilizopoteza ndugu, akawaomba wabunge wasimame kimya kuwakumbuka, na akatangaza kuundwa kwa tume ya uchunguzi. Tume hiyo iliongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Maaskofu wetu, kupitia Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, nao walitoa tamko mwezi huo huo wakilaani mauaji. Sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba hazikufanyika mwaka ule.

Hayo nimeyataja kwa kifupi kwa sababu mnayajua. Nimeyataja pia kwa sababu yapo maeneo ambako hata kuyataja ndani ya kikao cha kamati kumekuwa kama kosa. Mambo ambayo Rais ameyasema mbele ya Bunge, mjumbe wa kamati ya Haki na Amani hana sababu ya kuyanong'ona.

Mtu anaweza kusema hayo yalitokea kwenye miji mikubwa, sisi wa Ihumwa yanatuhusu nini? Ndugu zangu, mvua za mkoa wetu huwa kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na zikikata mapema vijana wetu hupanda basi kwenda Dar es Salaam. Huko wanabeba mizigo sokoni, wanauza maji barabarani, wanaendesha bodaboda, wanalinda nyumba za watu. Hakuna parokia ya Dodoma isiyo na mtoto wake Dar es Salaam. Simu zilipokata zile siku za Oktoba, kina mama wa huku hawakulala.

2. Mama aliyelinda miili

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 21, kuna habari ambayo mara chache huhubiriwa. Wakati wa Mfalme Daudi nchi ilipata njaa miaka mitatu mfululizo. Mfalme alipouliza sababu, aliambiwa kwamba kulikuwa na damu iliyomwagwa wakati wa utawala uliomtangulia, nayo ilikuwa haijashughulikiwa. Wakatafuta njia ya haraka: watu saba wa ukoo wa Sauli wakauawa, miili ikaachwa mlimani bila kuzikwa.

Wawili kati yao walikuwa watoto wa mama mmoja, jina lake Rispa. Mama huyu hakuwa na cheo wala jeshi. Alichukua nguo ya gunia, akaitandika juu ya mwamba, akakaa pale tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua iliponyesha. Mchana alifukuza ndege, usiku alifukuza wanyama. Hakutukana mtu wala hakurusha jiwe, ila alikataa kuondoka.

Habari ikamfikia mfalme. Daudi akaenda kuichukua mifupa ya Sauli na ya Yonathani, ikakusanywa pamoja na ya wale saba, wote wakazikwa kwa heshima katika kaburi la ukoo wao. Maandiko yanasema kwamba baada ya hapo ndipo Mungu aliposikia maombi kwa ajili ya nchi. Hakusikia baada ya wale saba kuuawa. Alisikia baada ya wafu kuzikwa.

Sisi wa nyanda za kati tunajua maana ya kungoja mvua. Kwa hiyo tuielewe vizuri habari hii. Baada ya Oktoba 2025 zilikuwapo familia zilizosema hadharani kwamba zimezunguka hospitali na vituo vya polisi zikitafuta ndugu zao, na hata mwili hazikupata. Familia isiyokuwa na kaburi haiwezi kumaliza msiba. Haijui ianue tanga au iendelee kungoja. Ukiiambia familia hiyo "tusahau yaliyopita, tujenge nchi", umeiambia ijenge nyumba huku maiti iko sebuleni.

3. Majirani zetu wa Kenya

Sisi Watanzania tuliwahi kuwa wapatanishi wa jirani. Kenya ilipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 Desemba Mwai Kibaki alitangazwa kumshinda Raila Odinga kwa tofauti ya kura zipatazo 232,000, akaapishwa jioni ile ile. Nchi ikawaka. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto huku wanawake na watoto waliokimbilia humo wakiteketea.

Kofi Annan alikuja kuongoza mazungumzo, akiwa pamoja na Graça Machel na Rais wetu mstaafu, Benjamin Mkapa. Mwishoni Rais Jakaya Kikwete, ambaye wakati huo alikuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikwenda Nairobi kusaidia kukwamua mambo. Mapatano yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008.

Kamati zetu zinaweza kujifunza mengi kutoka kwenye mazungumzo yale. La kwanza ni utaratibu wa ajenda zake. Ajenda ya kwanza ilikuwa kusimamisha mauaji. Ya pili ilikuwa waathirika na maridhiano. Suala la nani akae kwenye kiti gani lilikuwa la tatu. La nne lilikuwa mizizi ya ugomvi, yaani ardhi, katiba, umaskini na vijana wasio na kazi. Mtaona kwamba vyeo havikuwekwa mbele ya watu.

La pili ni hesabu. Tume ya Jaji Philip Waki ilikaa, ikasikiliza watu, na Oktoba 2008 ikatoa idadi: watu 1,133 walikufa, na kati yao 405 walipigwa risasi na polisi. Hiyo ilikuwa tume halali ya nchi, na ilitaja kosa la polisi wa nchi hiyo hiyo. Tume nyingine, ya Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini, ilikagua kura ikasema matokeo yalivurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Maneno hayo yalikuwa machungu kwa pande zote mbili, lakini yalifungua njia ya katiba mpya ya mwaka 2010.

La tatu linahusu makanisa. Februari 2008 Baraza la Taifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa dini walikuwa wamegawanyika kufuata vyama na makabila, na kwa sababu hiyo sauti yao haikusikika wakati ilipohitajika. Waumini hawakuweza kumkimbilia mchungaji waliyemwona jukwaani.

Tusije tukadhani kwamba Kenya ilimaliza kila kitu. Waliofukuzwa makwao walikaa kwenye mahema kwa miaka, na kesi zilizopelekwa The Hague zilikwisha bila kiongozi yeyote kutiwa hatiani. Kuhesabu wafu hakutoshi kuwa haki. Lakini pasipo hesabu, haki haina hata mahali pa kuanzia.

4. Zanzibar: mapatano kabla ya kura

Mfano wa karibu zaidi ni wa ndani ya Muungano wetu. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2000 Zanzibar ilibaki na kidonda. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 wafuasi wa CUF waliandamana, zaidi ya watu 30 wakauawa, wengi wao Pemba. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari wakaenda Shimoni, Kenya. Kwa mara ya kwanza Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi, ilitoa wakimbizi.

Tarehe 10 Oktoba 2001 CCM na CUF walitia saini Muafaka, na mwaka 2002 ikaundwa tume chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita kuchunguza mauaji yale. Hata hivyo chuki haikuisha, na uchaguzi wa 2005 ulikuwa na fujo zake. Kisha, tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu ya Zanzibar wakazungumza kama watu wa nyumba moja. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 wakakubali.

Oktoba mwaka huo wakapiga kura ya kuchagua Rais. Dkt. Ali Mohamed Shein alipata 179,809, Maalim Seif 176,338. Tofauti ilikuwa kura 3,471 tu. Ni kama kura za kata mbili tatu. Maalim Seif alikubali matokeo, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na wananchi wakarudi kazini.

Miaka 10 kabla ya hapo tofauti kama hiyo ingeleta maafa. Kilichobadilika ni kwamba safari hii watu walipatana kabla ya kuhesabu kura, na kila mmoja alijua kwamba akishindwa bado ana nafasi nyumbani. Tunapenda sana kusema "asiyekubali kushindwa si mshindani", na kwa kawaida methali hii huambiwa aliyeshindwa peke yake. Zanzibar ya 2010 ilitufundisha nusu ya pili: aliyeshinda naye ana wajibu wa kumfanya mwenzake aweze kukubali.

Mapatano yale hayakutunzwa. Mwaka 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016 bila CUF kushiriki. Maridhiano ni kama paa la nyasi. Lisipoezekwa upya kila baada ya misimu kadhaa, huvuja.

5. Mlango wa malalamiko

Kenya ilipokosana tena kuhusu kura mwaka 2017, aliyeshindwa alikwenda mahakamani. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani, ikaamuru kura irudiwe. Mwaka ule nao haukupita bila damu, lakini mlango ulikuwapo na mtu aliweza kubisha hodi.

Kwetu, Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema kwamba mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba kifungu hicho kinavunja haki. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyojadiliwa hapa hapa Dodoma mwaka 2014 katika Bunge Maalumu la Katiba, ilitaka Mahakama ya Juu iweze kusikiliza malalamiko kama hayo. Mchakato ule haukufika kwenye kura ya wananchi.

Nataja haya kwa sababu kamati za Haki na Amani huulizwa: "Kwa nini vijana hawakwenda mahakamani, badala ya kwenda barabarani?" Jibu la kweli ni kwamba kwa urais mlango huo haupo. Anayewaambia vijana wafuate sheria, na ni vema kuwaambia hivyo, asaidie pia kudai sheria iwe na mlango.

Na tusidhani kwamba kusikiliza walio wachache ni jambo geni nchini mwetu. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza kama tunataka chama kimoja au vyama vingi. Karibu asilimia 80 walisema chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi kwa kuwajali wale asilimia 20, na mwaka 1992 ikawa sheria. Wazee wetu walijua kwamba hekima ya nchi haipimwi kwa wingi wa mikono peke yake.

6. Ugomvi unapofika kwenye kisima

Sasa nirudi kwenye kazi zetu. Uchaguzi Mkuu huangukia Oktoba, wakati ambapo huku kwetu watu wanafyeka mashamba na kungoja mvua za kwanza. Ndio wakati wa kugawa mbegu za mtama na uwele, wakati VICOBA vinatoa mikopo ya pembejeo, wakati foleni ya maji kisimani ni ndefu kuliko miezi yote. Kwa hiyo ugomvi wa uchaguzi hautushukii kupitia redio tu. Unatukuta tayari tumepanga foleni.

Kuna jambo ambalo kamati nyingi hulifanya kwa mazoea bila nia mbaya. Tunapotaka orodha ya kaya zenye shida, tunamwomba balozi wa nyumba kumi atuandikie. Balozi ni mtu mwema na anazijua kaya zake. Lakini balozi ni kiongozi wa chama, si wa serikali. Hata mwenyekiti wa mtaa, ambaye ni wa serikali, anatoka kwenye chama. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi. Mama mjane ambaye mtoto wake alionekana na fulana ya chama kingine anaiangalia orodha ile kwa macho gani? Hata kama jina lake limo, anaogopa kuja. Na kama halimo, hawezi kuuliza.

Ndipo mradi mzuri unapogeuka kuwa mwendelezo wa kampeni. Fedha imetumika na vitabu vya hesabu viko sawa, lakini kisima kimekuwa cha upande mmoja. Mtu wa upande wa pili hatakitunza, na kikiharibika hatachangia.

Aidha, tukumbuke tuliko. Kutoka hapa Ihumwa hadi Mji wa Serikali wa Mtumba ni mwendo mfupi. Wizara ni majirani zetu, na watumishi wa serikali wanasali nasi Jumapili. Hii ni neema, lakini ina mtego wake. Ni rahisi parokia iliyo karibu na wakubwa kujizoeza kunyamaza ili isiwaudhi wageni wa benchi la mbele. Mtumishi wa wizara naye anaweza kuwa na msiba wake anaoogopa kuusema. Tukiweka mazingira ya kusema kweli, tunamsaidia na yeye.

7. Mapendekezo kwa kamati

Kwanza, kila kamati itafute kwa utulivu, kupitia jumuiya ndogo ndogo, kama kuna familia iliyopoteza mtu, iliyo na majeruhi, au ambayo mtoto wake alikamatwa au hajulikani aliko. Tuwatembelee kama tunavyotembelea msiba wowote. Asiulizwe mtu marehemu alikuwa chama gani au alikuwa anafanya nini barabarani. Askari aliyeumia naye ana mama, atembelewe vilevile.

Pili, marehemu watajwe kwa majina katika Misa, ndugu wakiridhia. Asiyekuwa na kaburi aombewe kwa jina lake. Kumbukumbu zilizoandikwa zitunzwe na paroko, zisiachwe mikononi mwa watu, wala zisitumwe kwenye simu. Usalama wa familia ni mkubwa kuliko ripoti yetu.

Tatu, orodha za walengwa ziandaliwe na kamati yenyewe kupitia jumuiya, wakiwemo wasio Wakatoliki na ndugu zetu Waislamu. Zisomwe hadharani kabla ya kugawa chochote, na yeyote aruhusiwe kupinga jina au kuongeza. Balozi na mwenyekiti washirikishwe kama majirani, lakini kalamu wasishike wao.

Nne, mjumbe anayegombea au anayeshika uongozi wa chama chochote, aachie kwa muda nafasi yake kwenye kamati. Hii si adhabu. Ni kumlinda yeye na kuilinda kamati.

Tano, ziandaliwe nafasi za kusikilizana. Watu wasizidi 12, wakae kwa duara, mzee mmoja mwenye kuheshimiwa aongoze, simu zikusanywe mlangoni. Kila mmoja aseme aliyoyaona na yaliyompata, bila kujibizana. Mkutano mkubwa wenye kipaza sauti huzaa hotuba. Tunachotaka ni maneno ya moyoni. Vijana wawe nusu ya waliokaa, maana hawa ndio tunaowasema kila siku na kuwasikiliza mara chache.

Sita, tuendelee kuomba, kwa heshima na kwa kufuata taratibu, mambo matatu: kwamba majina na idadi ya waliokufa yatangazwe, kwamba familia zionyeshwe walipo ndugu zao, na kwamba safari ya Katiba irudi ilipoishia. Kipimo cha tume yoyote, iwe ya Nairobi, ya Pemba au ya Dar es Salaam, ni kama mama mfiwa akiisoma ripoti yake atamkuta mwanawe ndani.

8. Neno kwa wafadhili wetu

Kwenu marafiki mnaotusaidia, nina maombi mawili.

La kwanza: msituadhibu kwa makosa ya wakubwa. Desemba 2025 Marekani ilitangaza kwamba inaupitia upya uhusiano wake na Tanzania, na Ulaya nako kulikuwa na sauti za kusimamisha misaada. Serikali zinaweza kuzungumza hivyo na serikali. Lakini kisima cha kijiji hakikuhesabu kura. Mkisitisha fedha za kisima, anayebeba ndoo kilomita nyingine mbili ni yule yule mama aliyefiwa.

La pili: muwe na subira na kazi isiyoonekana kwenye picha. Darasa lililojengwa linapigwa picha siku ya kufunguliwa. Watu 12 waliokaa kwa duara saa tatu wakilia hawapigwi picha, na wala hairuhusiwi. Tutawaandikia idadi ya vikao na gharama zake, nauli na chai. Majina hatutawaandikia. Tunaomba mtuamini katika hilo, kama tunavyotarajia mtudai stakabadhi kwa mengine yote.

Hitimisho

Ndugu wajumbe, usipoziba ufa utajenga ukuta. Zanzibar walingoja tangu 2001 hadi 2009 ndipo viongozi wawili wakaketi pamoja, na gharama ya kungoja ililipwa na wavuvi na wakulima wa karafuu. Uchaguzi Mkuu mwingine, kwa utaratibu wa Katiba, ni mwaka 2030. Tukiulizwa siku hiyo kamati za parokia zilifanya nini katikati ya chaguzi hizi mbili, tusijibu kwamba tulihubiri amani. Tuonyeshe nyumba tulizozitembelea.

Mkirudi majumbani, msianze na mabango wala semina nyingine. Jumapili ijayo baada ya Misa, mwenyekiti aite wajumbe wake chini ya mti na aulize swali moja: nani kati yetu yuko kwenye msiba ambao bado hatujaenda kuhani? Kazi ianzie hapo.

Mungu awabariki, aibariki Tanzania.